Frigeti huzeeka lini? Maisha ya HMS Cumberland na kazi ya majeshi ya wanamaji

Alhamisi tarehe 24 Februari 2011, manowari ya Uingereza iitwayo HMS Cumberland ilifunga gati katika bandari ya Benghazi, mashariki mwa Libya. Mji ulikuwa tayari umetoka mikononi mwa serikali ya Muammar Gaddafi. Raia wa kigeni, wengi wao wafanyakazi na familia zao, walikuwa wakitafuta njia yoyote ya kuondoka. Mabaharia waliwapandisha, wakawagawia chai, chakula na mahali pa kulala, kisha meli ikaelekea Malta katika bahari iliyochafuka. Baadaye ilirudi Benghazi kuchukua wengine. Kwa jumla iliwaondoa watu zaidi ya 400.

Jambo ambalo wengi wa abiria wale huenda hawakulijua ni kwamba meli iliyowaokoa ilikuwa imeshahukumiwa. Ilikuwa ikitoka doria Mashariki ya Kati, inarudi nyumbani kustaafishwa. Miezi minne baada ya Benghazi haikuwa tena manowari.

Tumeichagua meli hii kwa sababu ya swali ambalo wasikilizaji wetu hutuuliza kila mara manowari ya kigeni inapoonekana bandarini Mombasa: meli hizi zinafanya kazi gani hasa wakati hakuna vita? Tena, kwa nini nchi tajiri huiondoa meli ambayo bado inaelea, injini zake zinanguruma na mizinga yake inafanya kazi? Maisha ya Cumberland yanajibu maswali yote mawili, na sehemu ya maisha hayo inatuhusu moja kwa moja sisi watu wa Afrika Mashariki.

Frigeti ni meli ya namna gani?

Frigeti ni manowari ya ukubwa wa kati. Ni kubwa kuliko boti za doria zinazolinda pwani, na kwa kawaida ni ndogo kuliko distroya. Jina lenyewe ni la tangu enzi za tanga, likasahaulika kwa muda mrefu, kisha likafufuliwa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Uingereza ilikuwa ikipoteza meli nyingi za mizigo kwa nyambizi za Ujerumani katika Bahari ya Atlantiki, ikahitaji meli za kusindikiza misafara: zisizo ghali mno, zenye uwezo wa kukaa baharini siku nyingi na kuwinda nyambizi.

Kazi hiyo ya kusindikiza ndiyo asili ya frigeti hadi leo. Haikuundwa kwa ajili ya fahari. Imeundwa kukaa karibu na meli nyingine ili isidhurike.

Cumberland ilikuwa na urefu wa mita 148, karibu uwanja mmoja na nusu wa mpira wa miguu. Ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 5,000 ikiwa imejaa, na mabaharia wapatao 250. Ilibeba makombora ya kupiga meli, makombora ya kuzuia ndege, topido, mzinga wa milimita 114 na helikopta zilizoruka kutoka tezi. Injini zake zilikuwa za jamii moja na injini za ndege: mbili za mwendo wa kawaida na mbili za kukimbia, zikiisukuma hadi zaidi ya kilomita 50 kwa saa.

Ilizaliwa kwa vita ambavyo havikutokea

Meli hiyo ilijengwa katika karakana za Yarrow, kwenye mto Clyde mjini Glasgow. Ilishushwa majini Juni 1986 na kuingizwa kazini rasmi Juni 1989. Miaka hiyo mitatu katikati si ya uzembe. Meli inaposhushwa majini huwa ni kama nyumba iliyoezekwa lakini haina umeme, mabomba wala samani. Bado kuna nyaya, rada, sona, silaha na vitanda vya kufungwa, halafu majaribio baharini, halafu mafunzo ya mabaharia.

Cumberland ilikuwa ya kundi la meli 14 zilizojulikana kama Aina ya 22. Zile za kwanza hazikuwa na mzinga mkubwa kabisa, kwani wakubwa wa jeshi waliamini kwamba makombora yangetosha. Kisha vikaja vita vya Falkland vya mwaka 1982 dhidi ya Argentina. Huko mizinga ya meli ilitumika sana kuwapiga adui waliokuwa nchi kavu. Vilevile distroya ya Uingereza, HMS Sheffield, iliteketea baada ya kupigwa kombora la Exocet. Ndiyo maana meli nne za mwisho za kundi hilo, Cumberland ikiwemo, zilipewa mzinga pamoja na bunduki ya kujiendesha yenyewe ya kutungua makombora yanayokaribia.

Adui aliyekusudiwa alikuwa nyambizi za Kisovieti katika Atlantiki ya kaskazini. Lakini miezi mitano tu baada ya Cumberland kuanza kazi, Novemba 1989, ukuta wa Berlin ulianguka. Miaka miwili baadaye Muungano wa Kisovieti haukuwepo. Meli ikawa mpya, na kazi iliyojengewa ikawa imeyeyuka.

Je, ilikaa bure? Hapana. Ilifanya kazi nyingine ambazo mchoraji wake hakuzifikiria sana.

Kazi tatu za jeshi la wanamaji

Wanaosoma mambo ya bahari hugawa kazi za majeshi ya wanamaji katika mafungu matatu. Ya kwanza ni ya kijeshi yenyewe: kupigana, au kuwa na uwezo wa kupigana ili mwingine asithubutu. Ya pili ni ya kidiplomasia: kutembelea bandari, kufanya mazoezi na majirani, kuonyesha bendera, na wakati mwingine kutisha bila kufyatua risasi. Ya tatu ni ya kipolisi: kukamata magendo, maharamia na wavuvi haramu, na kuokoa watu.

Meli moja inaweza kufanya zote tatu katika mwaka mmoja, na hiyo ndiyo tofauti yake na kifaru au ndege ya kivita. Bahari kuu haina mwenyewe. Manowari inaweza kukaa nje ya maji ya nchi fulani kwa wiki kadhaa, bila kuomba ruhusa ya mtu, ikiwa na hospitali ndogo, jiko, karakana, helikopta na watu 250 waliofunzwa. Balozi akihitaji msaada, ipo. Kimbunga kikipiga, ipo.

Mwaka 2005 Cumberland, ikiwa upande wa Karibi, ilikamata shehena kubwa ya kokeni. Mwanzoni mwa mwaka huohuo dada yake, HMS Chatham, ilikuwa Sri Lanka ikisaidia watu waliopigwa na tsunami ya Desemba 2004. Hakuna kombora lililohitajika huko. Kilichohitajika ni mafundi, boti na maji safi.

Maharamia, Mombasa na mahakama

Hapa ndipo hadithi inapofika kwetu. Mwaka 2008 maharamia wa Kisomali walikuwa wameifanya Ghuba ya Aden kuwa mahali pa hatari kuliko pengine popote kwa meli za biashara. Novemba mwaka huo, meli ya mizigo ya Denmark, MV Powerful, ilishambuliwa. Cumberland, pamoja na frigeti ya Urusi iitwayo Neustrashimy, ziliingilia kati. Mabaharia wa Uingereza walishuka katika boti ndogo wakalifuata jahazi lililoshukiwa. Walipigwa risasi, nao wakajibu. Watuhumiwa wawili waliuawa, na wanane waliokamatwa walikabidhiwa Kenya ili washtakiwe Mombasa.

Kwa nini Kenya? Sheria ya kimataifa ya bahari ya mwaka 1982 inairuhusu manowari ya nchi yoyote kuikamata meli ya maharamia katika bahari kuu. Lakini kukamata ni nusu ya kazi. Lazima pawe na mahakama, mashahidi na gereza. Somalia wakati huo haikuwa na mfumo wa kuwashughulikia, na nchi za Ulaya hazikupenda kuwasafirisha watuhumiwa hadi kwao. Kenya ilikubaliana na Uingereza, Marekani na Umoja wa Ulaya kuwapokea. Mahakama maalumu ilijengwa Shimo la Tewa kwa msaada wa Umoja wa Mataifa na kufunguliwa mwaka 2010. Hata hivyo, mwaka huohuo jaji wa Mahakama Kuu aliamua kwamba mahakama za Kenya hazina mamlaka juu ya makosa yaliyotendwa nje ya maji ya nchi. Uamuzi huo ulitenguliwa na Mahakama ya Rufaa mwaka 2012. Kwa hiyo manowari inaweza kushinda baharini, na kesi ikaelea miaka kadhaa nchi kavu.

Desemba 2008 Umoja wa Ulaya ulianzisha operesheni yake ya Atalanta. Jukumu lake la kwanza halikuwa kuwasaka maharamia, bali kusindikiza meli za Shirika la Mpango wa Chakula Duniani zilizobeba chakula cha msaada kwenda Somalia. Frigeti nyingine ya Uingereza, HMS Northumberland, ilikuwa miongoni mwa za kwanza kufanya kazi hiyo, ikiisindikiza meli ya chakula kutoka Mombasa hadi Mogadishu. Ni kazi ileile ya asili ya frigeti: kukaa karibu na meli nyingine ili isidhurike.

Nini huizeesha meli?

Tunarudi kwenye swali la umri. Manowari ya kawaida hutarajiwa kutumika kati ya miaka 20 na 35. Ila si kitu kimoja kinachoizeesha, ni vitatu.

Cha kwanza ni bahari yenyewe. Maji ya chumvi hula chuma, na kila baada ya miaka michache meli hupandishwa chelezoni ili ikwanguliwe, ichomelewe na kupakwa rangi upya. Lakini adui mbaya zaidi ni uchovu wa chuma. Wimbi kubwa likipita chini ya katikati ya meli, omo na tezi huning'inia. Wimbi likishika ncha zote mbili, katikati hulegea. Meli hupinda kidogo sana, kwenda na kurudi, mara maelfu kwa maelfu. Ukichukua waya ukaukunja huku na huku, unajua mwisho wake. Nyufa huanza mahali pasipoonekana, chini ya mabomba na nyuma ya kuta.

Cha pili ni vifaa. Bodi ya meli inaweza kuishi miaka 30, lakini kompyuta yake haiwezi. Rada ya miaka ya 1980 huwa ni ya makumbusho kufikia mwaka 2010. Kiwanda kilichotengeneza kipuri fulani kimefungwa, fundi aliyekijua amestaafu. Ndiyo maana katikati ya maisha yake frigeti hufanyiwa ukarabati mkubwa, unaoweza kuchukua mwaka au zaidi.

Cha tatu ni watu. Cumberland ilihitaji mabaharia wapatao 250. Frigeti za kundi lililofuata, Aina ya 23, zilihitaji wasiozidi 200 kwa kazi inayofanana. Kila baharia anahitaji mshahara, chakula, mafunzo na pensheni. Mhasibu akikaa na karatasi zake, meli yenye watu wengi ndiyo huanza kuonekana nzee.

Kuna jambo jingine ambalo husahaulika. Nchi ikitaka kuwa na frigeti moja baharini wakati wote, inahitaji takriban tatu: moja iko kazini, moja inajiandaa, moja iko chelezoni. Kwa hiyo kustaafisha meli nne hakuondoi meli nne baharini. Huondoa moja, au pengine moja na nusu, lakini ni ile ambayo ingekuwa mahali fulani siku fulani.

Uamuzi wa mezani

Oktoba 2010 serikali mpya ya Uingereza ilitangaza mpango wake wa ulinzi. Nchi ilikuwa na pengo kubwa katika bajeti baada ya msukosuko wa fedha wa 2008, na kila wizara ilitakiwa kukata matumizi. Miongoni mwa yaliyokatwa ni meli ya kubeba ndege HMS Ark Royal, ndege zake za Harrier, na frigeti nne za mwisho za Aina ya 22: Cornwall, Cumberland, Campbeltown na Chatham. Idadi ya frigeti na distroya ilishushwa hadi 19.

Miezi minne baadaye Libya ikalipuka, na meli iliyokuwa karibu ilikuwa mojawapo ya zile nne. Baada ya kuwaokoa watu wa Benghazi, Cumberland ilibaki eneo lile na kushiriki katika kutekeleza vikwazo vya silaha, halafu ikaenda nyumbani Plymouth. Tarehe 23 Juni 2011 bendera yake ilishushwa. Ilikuwa imetumika miaka 22.

Waliounga mkono uamuzi ule walisema, na bado wanasema, kwamba nchi haiwezi kuweka meli zote kwa hofu ya tukio moja, na kwamba fedha zilihitajika kwa meli mpya. Hoja hiyo ina uzito. Lakini tutazame upande wa pili. Miaka michache kabla, Romania ilikuwa imenunua kutoka Uingereza frigeti mbili za kundi hilohilo la Aina ya 22. Moja, iliyokuwa HMS Coventry, ilipewa jina la Regele Ferdinand. Ilikuwa imeanza kazi mwaka 1988, yaani ilikuwa nzee kidogo kuliko Cumberland. Mwaka 2011, wakati Cumberland ikisubiri kushushiwa bendera, Regele Ferdinand ilitumwa Libya kwa kazi ileile ya vikwazo. Mwaka 2012 ikaja Bahari ya Hindi kujiunga na Atalanta dhidi ya maharamia.

Meli mbili za ukoo mmoja, chuma kimoja, umri unaokaribiana. Moja ilikuwa chakavu, nyingine ilikuwa fahari ya jeshi. Kwa hiyo kutu peke yake haisemi lini frigeti imezeeka. Husema pia Hazina, na husema kile ambacho nchi inataka kufanya baharini.

Mfano wa kinyume nao upo. Frigeti za Aina ya 23 zilichorwa zitumike miaka 18 tu, lakini kwa kukosa za kuzirithi, nyingi zimevuka miaka 25, baadhi 30. Northumberland, ile iliyosindikiza chakula kutoka Mombasa, ilipelekwa chelezoni kwa ukarabati. Novemba 2024 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba bodi yake imeharibika kiasi kwamba kuitengeneza hakulipi. Huku nako ni kuzeeka: kuahirisha hadi chuma chenyewe kiseme.

Mwisho wa manowari

Zile 14 za Aina ya 22 zinaonyesha karibu kila namna ambavyo frigeti humaliza maisha. Nne zilikwenda Brazil, mbili Romania, moja Chile, zikabadilishiwa majina na kuendelea na kazi. Mbili zilizamishwa makusudi zikiwa shabaha za mazoezi. Zilizobaki ziliuzwa kama chuma chakavu. Cumberland ilivutwa hadi Aliağa nchini Uturuki, ambako mafundi huikata meli vipande vipande ufukweni.

Ipo njia nyingine yenye upole zaidi. Frigeti ya zamani ya Uingereza, HMS Scylla, ilisafishwa na kuzamishwa mwaka 2004 karibu na pwani ya Cornwall ili iwe mwamba wa kutengenezwa. Leo samaki huishi ndani yake na wapiga mbizi huitembelea.

Na sisi je?

Kenya na Tanzania hazina frigeti. Jeshi la Wanamaji la Kenya, lililoundwa Desemba 1964 na lenye makao yake Mtongwe, linategemea boti na meli za doria, na lile la Tanzania, lenye kituo chake Kigamboni, vivyo hivyo. Hilo si aibu. Kwa kulinda maji ya nchi, kukamata magendo na kuokoa wavuvi, meli ndogo ndiyo inayofaa na inayolipika. Lakini maharamia hawakubaki katika maji ya mtu mmoja. Mei 2010 HMS Chatham ilivunja kundi la maharamia mbali na pwani ya Tanzania, mamia ya kilomita kusini ya Somalia.

Mashambulizi yalipungua sana baada ya 2012, na wengi wakaanza kuamini kwamba yameisha. Desemba 2023 meli ya mizigo MV Ruen ilitekwa katika Bahari ya Arabia, na ilikaa mikononi mwa maharamia miezi mitatu hadi ilipokombolewa na wanamaji wa India, Machi 2024.

Mchele, mafuta, mbolea na magari yanayoingia Mombasa na Dar es Salaam hupita katika maji hayo. Bima ya meli ikipanda, bei ya duka la mtaani kwako nayo hupanda, hata kama hukuwahi kuona bahari. Kwa muda mrefu ulinzi wa njia hiyo umetegemea sana meli za mataifa mengine, ambazo wakubwa wake huamua London, Brussels au New Delhi lini zije na lini zistaafu. Kwa hiyo siku nyingine ukiona manowari imefunga gati Kilindini, mabaharia wake wakitembea mjini, usiulize tu imetoka wapi. Uliza imebakiza miaka mingapi, na itakapoondoka, nani atakuwa kwenye zamu.